Chupa Isiyojazwa Mara ya Pili

Irving, Alhamisi

Hatimaye leo chupa yangu imekubali. Nilimimina chote kilichokuwa ndani, kisha nikajaribu kuijaza tena, hata kwa bomba la sindano. Ile gololi niliyoiweka shingoni iliziba, halikuingia hata tone. Bosi akapiga makofi: "Neema, you did it!" Nikacheka, ila moyo ulikuwa nyumbani, Moshi.

Mchana nikampigia kaka Elia. Alipoteza macho kwa pombe ya sumu ambayo mtu aliijaza kwenye chupa halali ya dukani. Nikamweleza kazi ya leo.

"Kwa hiyo mtu akitaka kuijaza?"

"Hawezi, kaka. Labda aivunje."

Akageuza mazungumzo.

"Mama anasema kwenye picha umenenepa."

"Kidogo tu."

"Mimi picha hazinisaidii, Neema. Njoo nikushike uso."

Nilikaa kwenye gari, pale parking ya ofisi, nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Kisha nikarudi ndani nikaomba likizo ya Desemba. Wasiponipa, sijui… Nitakwenda tu. Nimechoka kuwa sauti ya kwenye simu.