Jibu Nililompa Daktari

Miembeni,
Bukoba.
17 Februari 1957

Mpendwa Kaka Muharami,

Pokea salaam kutoka huku kwetu kwenye mvua. Hujambo wewe? Kazi ya matofali huko Kampala haijakuchosha? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Bibi Siti analalamikia magoti, na Mama siku hizi chakula anakigusa tu.

Rambirambi zako zilifika. Arobaini ya Kaka Burhani tumeisoma Ijumaa. Tulimlaza kibanjani, chini ya migomba, karibu na baba yako.

Uliandikiwa kwamba alianguka bandarini Kemondo akipakia magunia ya kahawa, naye ana miaka ishirini na minane tu. Hukuandikiwa kwamba wiki tatu kabla ya hapo kifua kilimbana, tukampeleka kwa daktari Mzungu. Daktari yule hajui Kiswahili, Mama ni Kihaya tu, basi nikasimama katikati na Kiingereza changu cha shule. Unanijua nilivyo. Hata dukani kwa Dhirubhai naonyesha kwa kidole badala ya kusema.

Daktari alimshika visigino. Unavikumbuka vile vinundu vigumu, vya manjano? Wenzake walikuwa wakimtania, "Burhani, karanga hizo utavuna lini?" Daktari hakucheka. Alisema huenda damu yake ina mafuta mengi ya kurithi, na damu ya namna hiyo huweza kuziba mishipa ya moyo hata kwa kijana mwembamba. Kisha akaniuliza: katika ukoo wenu, nani amekufa ghafla akiwa bado kijana?

Nikamweleza Mama. Akasema, "Mwambie hakuna. Baba yako na Mustapha walilishwa sumu. Mambo ya sumu hayamhusu daktari."

Nilijua yanamhusu, Kaka. Baba alikuwa na thelathini na minne, baba yako Mustapha thelathini na mmoja, na wote wawili walikufa wameshika kifua. Lakini nilitazama sakafu, nikamjibu kwamba hakuna. Akasema kama wangekuwapo angemlaza hospitalini. Akampa dawa ya kiungulia, na Burhani akarudi kwenye magunia yake.

Sasa kila nikitawadha, maji yakifika kisiginoni, namsikia daktari akiuliza tena. Na mzee Aroni, jirani tuliyeacha kumsalimu miaka kumi kwa ajili ya sumu hiyo, bado anapita mbele ya nyumba yetu ameinamisha kichwa. Jana nilitaka kumwamkia. Nikashika ufagio, nikafagia ua.

Kaka, Idd ya mwaka jana mimi ndiye niliyekumiminia maji ya udhu. Vinundu vya kwako niliviona. Usinikasirikie. Nenda hospitali wakupime damu, na sigara uache. Wakikuuliza, wataje wote watatu, kwa majina na umri. Usiseme sumu.

Bibi anakusalimu sana, pia Ashura na mwanawe. Mama naye anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mola akulinde, akupe uzee ambao baba zetu hawakuuona.

Nami ninacho kinundu kimoja, mguu wa kushoto. Sijamwonyesha mtu. Kesho nitarudi kwa daktari yule. Safari hii nitakuwa peke yangu, hakuna wa kunipangia jibu.

Wako akupendaye,
Zabibu