Uzi Mwekundu Kwenye Plagi

Shikamoo, Mzee Sefu.

Nimeandika hivyo halafu nikaweka kalamu chini, kama mjinga, nasubiri uitikie. Miaka kumi na mmoja ulinijibu maneno yaleyale kila asubuhi, "Marahaba, umekula?" Nami kila asubuhi nilisema nimekula, hata kama sijagusa kitu. Ulijua nadanganya. Ulinisogezea nusu ya chapati yako. Siku hizi nafungua mlango wa karakana mwenyewe, nawasha redio, naanza kazi.

Nakuandikia kuhusu ile mashine ya gemu ya Mama Editha. Ndiyo ya mwisho uliyoifungua, na nakujua, kitu kisipoisha mezani hulali vizuri. Sitaki ulale hivyo huko uliko.

Unakumbuka ilivyofika. Mama Editha aliinunua Mwanza ikiwa imeshatumika, akaiweka kwenye baraza la kinu chake kule Bugarama ili watu wacheze huku wakisubiri unga. Walimpenda kwa hilo. Wengine walipita vinu viwili njiani na mahindi yao kichwani kwenda kwake. Kisha mashine ikaanza kuzimika katikati ya mchezo. Ukibonyeza swichi ya nyuma mara inawaka, mara inakataa. Akaipakia kwenye pikapu, akaifungia magodoro mawili kama mgonjwa, akaipandisha mpaka hapa Ngara mjini. Ulifungua mlango wa nyuma, ukachungulia kama saa nzima, ukaandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika ndani: "Swichi. Lakini sijaridhika."

Kesho yake alfajiri ukafa. Alasiri ukazikwa. Wanaume walikwenda makaburini, mimi nikabaki nyumbani kwako na wanawake, tunamenya ndizi, kwa hiyo kaburi lako sikuliona likifukiwa. Kitu chako cha mwisho nilichokiona ni plagi ya ile mashine, inaning'inia nyuma ya kabati lake na uzi mwekundu umezungushwa kwenye miguu yake.

Uzi huo nitauelezaje bila kurudi kwenye kosa langu? Nilikuwa na miezi miwili tu kwako, nimetoka Nyabusozi, binti wa mfuga ng'ombe aliyeona umeme ukubwani. Mkono wako ulikuwa ndani ya televisheni na mimi nikachomeka plagi ukutani. Ulirushwa mpaka kwenye rafu. Hukunitukana. Nilikaa nikisubiri unifukuze na hukunifukuza. Kesho yake ulikuja na bonge la uzi mwekundu wa kufumia vitambaa, umelichukua kwenye kikapu cha Bi Mwajuma mkeo bila ruhusa, ukaweka sheria: kitu kikifunguliwa, plagi yake inafungwa uzi, na aliyeufunga ndiye pekee anayeufungua. Hata mteja awe anapiga kelele. Hata wewe uwe msikitini, nilikusubiri utoke uje ufungue mwenyewe.

Sasa wewe umefunga na umekufa. Nani afungue?

Utanicheka. Lakini miezi mitano mashine ilikaa pale na sikuigusa. Niliigeuza plagi nikaielekeza ukutani ili nisiuone ule uzi. Nilitengeneza pasi, redio, feni, chaja za pikipiki. Wateja walipouliza hilo kabati kubwa ni la nini, nilisema linasubiri kifaa kutoka Mwanza. Uongo mtupu.

Bi Mwajuma alipotoka eda alikuja karakana, akaketi kwenye kigoda chako bila kukipangusa. Alisema maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyo: "Kabula, chumba hiki kuna mtu anakitaka auzie simu. Mimi mambo ya nyaya siyajui. Ninachojua, Sefu hakurudisha kitu cha mtu kikiwa kibovu. Hiyo mashine ikitoka hapa inawaka, chumba kinabaki cha fundi. Ikitoka imekufa, nampa mwenye simu, na usinichukie." Siku ileile Mama Editha akapiga simu: pikapu inakuja Ijumaa, mashine iwe imepona au haijapona.

Kwa hiyo Jumatano nikaanza, bila kufungua uzi. Nilianza kama ulivyonifundisha, kutoka ukutani kuingia ndani. Soketi nilichomeka taa, ikawaka. Waya mkubwa nikaupima kwa mita. Ncha ya mita niliipenyeza chini ya uzi taratibu, nimegeuza uso pembeni kama mtu anayemvua mgonjwa soksi. Mita ikalia, yaani waya haujakatika. Fyuzi nzima. Nikafika kwenye swichi yenyewe. Ina miguu minne, umeme unaingia kwa miwili na kutoka kwa miwili. Upande wa kwanza mita ililia vizuri. Wa pili ikalia pia, nikataka kukata tamaa. Kisha nikawaza, hii mashine haizimiki ikiwa imetulia, inazimika watu wanapocheza, na watu wa pale kinuni wanapiga vile vitufe kama wanatwanga kisamvu. Nikapiga kabati ngumi. Mita ikanyamaza. Nikapiga tena, ikalia.

Niliichomoa swichi nikaifungua kwa bisibisi ndogo. Vile vyuma viwili vinavyogusana ndani vilikuwa vyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Nikaingia kwenye lile sanduku lako la vifaa vibovu unaloliita makaburini, nikafukua swichi ya ile mashine ya kutolea kopi iliyokufa mwaka juzi. Miguu minne ileile, tundu lilelile, na inabeba mzigo mkubwa zaidi. Nikaifunga. Nikapiga ngumi kumi. Mita haikunyamaza hata mara moja.

Ningeweza kufunika. Kusema kweli nilishashika skurubu za mlango. Ndipo nikaona plasta yako: "Lakini sijaridhika." Nilikasirika, Mzee. Mtu amekufa na bado ananisimamia. Lakini nilikuwa nakisikia kile kisauti chako cha kukwaruza, "Aliyekufa tumemwona. Aliyemuua je?" Nikaweka skurubu chini, nikaanza kuvuta nyaya za swichi mmoja mmoja. Wa tatu ulichomoka na kibanio chake, kile kichuma kinachoushika mguu wa swichi, bila nguvu yoyote, kama jino la mtoto. Kibanio kimelegea, ndani kimejaa unga, na ganda la waya limeiva rangi ya kahawa na kupasuka. Hapo pakawa wazi. Kibanio kikilegea kinapata moto, moto ndio ulioua swichi. Ningefunga swichi mpya peke yake, ingekufa kabla ya mavuno, na Mama Editha angesema tangu mzee afe pale hakuna fundi, na angekuwa na haki.

Nikakata waya mpaka nikapata shaba inayong'aa. Nikaweka kibanio kipya, nikakiminya kwa koleo, kisha nikavuta kama ulivyokuwa ukivuta, mguu mmoja umeukanyaga ukuta. Hakikutoka. Nikapeperusha unga wote uliobaki humo ndani. Ikabaki kuchomeka plagi.

Alhamisi asubuhi niliigeuza plagi, nikaketi chini, nikauangalia uzi wako kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Halikuwa fundo lako.

Wewe ulikuwa ukifunga fundo la robota, la kufungia mizigo, ulilojifunza kwenye duka la vitambaa la baba yako, lile linalozidi kukaza ukilivuta. Mimi nafunga fundo la kufungia ndama, kama nyumbani, unavuta mkia mmoja linaachia. Umelidharau fundo langu miaka kumi na mmoja, ukisema hata mbuzi mlevi atalifungua. Na pale kwenye plagi, na mkia wake mfupi umetokeza, lilikuwa la ndama.

Ndipo siku ile yako ya mwisho ikanirudia. Ulikuwa kwenye kigoda, uzi mkononi, unajaribu na unashindwa. Ukaninyooshea. "Funga wewe leo. Vidole vyangu vimekufa ganzi." Nami nikacheka. Nikasema, "Leo robota limekushinda, Mzee?" Ukacheka pia. Nikafunga, ukachungulia, jioni tukafunga karakana, ukapanda kilima kwenda kwako polepole, ukisimama kila baada ya hatua chache.

Mtu wa umri wako akisema vidole vimekufa ganzi anapelekwa hospitali. Mimi nilikutania. Nadhani ndiyo maana nilisahau. Nilipendelea kukumbuka kwamba wewe ndiye uliyefunga, ukiwa mzima, kama siku zote. Nililia pale chini mpaka dada wa saluni ya jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani. Nisamehe, Mzee. Sijui kama ningekuokoa, lakini ningejaribu, na sikujaribu.

Halafu nikapangusa uso, maana uzi ulikuwa wangu. Nikavuta mkia. Ukaachia.

Nikachomeka. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nilishaanza kumwona mwenye simu akipanga vioo vyake kwenye meza yetu, ndipo dada wa saluni akapiga yowe kwamba umeme umekatika na kichwa cha mteja kiko nusu. Mji mzima ulikuwa umezimika! Nimepima kila kitu isipokuwa soketi ya siku hiyo. Ungecheka mpaka ukohoe.

Umeme ulirudi saa nane. Mashine ikawaka, kioo kikajaa rangi, ikaimba ule wimbo wake wa kipuuzi. Ijumaa Mama Editha alikuja mwenyewe na kuupiga mchezo kwa viganja vyote viwili, anauma ulimi, akafa mara sita na mashine haikufa. "Hii imepona kuliko nilivyoinunua," akasema. Bi Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. Jibu lake kuhusu chumba lilikuwa ndani ya kikapu. Alifungua kikapu chake, akaweka mezani bonge jipya la uzi mwekundu, akasema hili amenipa kwa ruhusa, akaondoka.

Plasta yako sikuiondoa. Iko ndani ya ile mashine huko Bugarama, nimeongeza mstari chini yake: "Kibanio. Nimeridhika. K."

Basi nakuacha upumzike, Mzee wangu. Ahadi yangu ni hii: nitafunga uzi kila plagi na sitafunika kitu kabla sijamwona aliyekiua. Na mtu akiniambia humu ndani kwamba vidole vimekufa ganzi, nitafunga mlango saa ileile na kumpandisha bodaboda mpaka hospitali, hata kama anacheka.

Asubuhi hii nilinunua chapati moja. Nilikata nusu kwa mazoea, nikaiangalia, nikaila na hiyo.

Shikamoo tena. Leo nimekula kweli.

Kabula