Barua ya Breki Uliyoificha Sandukuni

Tata,

Ni wiki ya sita tangu tukulaze kaburini kando ya nyumba, baba yangu, nami nina hasira na wewe. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nikiandika kwa Kikisii nitalia, na leo sitaki kulia.

Salamu kwanza, kama ulivyotufundisha. Mama hajambo, ila mguu unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Chai inachumwa. Ndizi za upande wa mto zimeangushwa na mvua ya mawe. Kaka Ombati amepata mtu wa kununua gari lako, mwalimu mmoja wa Nyakoe mwenye watoto wadogo watatu. Ndiyo sababu alinituma nitafute karatasi za gari kwenye sanduku lako la bati.

Laiti angemtuma mtu mwingine.

Unakumbuka ulivyolinunua? Mzungu wa Sotik alikuwa anafunga shamba arudi kwao, nawe ukaenda na hela za pareto, ukarudi na gari dogo la kijivu lenye kiti kimoja kilichochanika. Wengine huringa kwa mwendo wa magari yao. Wewe uliringa kwamba lako halinywi petroli. Ulikuwa na kijiti cha mwanzi ulichokichonga alama kwa kisu, ukikitumbukiza kwenye tangi kabla na baada ya kila safari. Petroli ilipopanda bei na wenzako wakaegesha magari yao, wewe uliendelea kupita, ukiwapungia mkono. Kila mteremko ulizima injini, gari likashuka lenyewe kimya kimya, na wewe unatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Ulinifundisha kuendesha mwaka niliotoka chuo cha ualimu. Watu wa kwetu Magwagwa walipouliza tangu lini msichana akashika usukani, uliwajibu, "Huyu ana miguu miwili na gari lina pedali tatu. Zilizobaki ni akili." Nilikupenda sana siku ile, Tata. Sijui upendo ule niuweke wapi sasa.

Halafu ikaja siku ya kumpeleka Mama Nyamira. Nilizima injini juu ya mteremko, kama ulivyonizoesha. Nilipokanyaga breki, pedali ilikwenda hadi chini, laini kama nakanyaga matope. Gari lilitoka barabarani likaingia kwenye chai ya watu na kugonga kisiki. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kidevu. Mama alivunjika paja.

Ulisimama mbele ya jamaa wote ukasema, "Nilimpa gari zima, akanirudishia chuma." Ukasema breki zilikatika kwa sababu nazikanyaga ovyo. Ukachukua ufunguo mkononi mwangu. Fundi wa mjini akafunga bomba jingine la mafuta ya breki, na hukumwambia mtu yeyote alichokiona fundi kule chini ya gari.

Nami nikaamini. Miaka minne, kila likizo, nimemchotea Mama maji kama anayetumikia kifungo. Hakunitukana. Alikuwa tu haniangalii anapoinuka kwa fimbo yake. Nilisimama hata kanisani nikaomba msamaha mbele ya watu, na wewe umeketi kwenye benchi la wazee wa kanisa. Ulinitazama ukaitikia kwa kichwa, kwa upole, kana kwamba wewe ndiye unayenisamehe!

Barua ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imekunjwa mara nne. Imetoka kwa wakala wa magari wa Kisumu, na ilifika mwaka mmoja kabla ya ajali. Inasema magari ya aina ile yana kasoro: bomba la mafuta ya breki husuguana na chuma cha usukani, na siku moja linaweza kukatika. Wenye magari wayapeleke, yatengenezwe bure. Mafundi wao watakuwa Kisii mjini Jumamosi fulani, na atakayekosa aende Kisumu siku yoyote.

Pembeni umeandika kwa penseli, kwa mkono wako ninaoujua: "Sabato. Siwezi. Kisumu ni petroli nyingi."

Basi. Ulimaliza hapo. Na Sabato iliyofuata ukawapakia akina bibi wazee wanne kwenda kanisani, ukazima injini mteremkoni kama kawaida. Kutengeneza breki Jumamosi, siku ya Sabato yetu, uliona ni dhambi. Kuniachia mimi lawama ya mguu wa Mama, hiyo uliitaje, Tata? Ungeniambia tu. Hata ukiwa kitandani wiki zile za mwisho, nikikunywesha uji kwa kijiko, ungeniambia.

Ombati alisema niichane barua. Alisema mnunuzi ataogopa, na marehemu aachwe apumzike. Nami nusura niichane. Niliogopa kwamba Mama akijua, atakuwa amefiwa mara mbili.

Mwishowe nilimsomea Mama jikoni, nikimgeuzia kwa Kikisii neno kwa neno. Aliniomba nirudie yale ya penseli. Nikarudia. Sufuria ikachemka ikamwagikia moto. Kisha akasema, "Alikuwa ananiona nikikulaumu. Kila siku alikuwa ananiona."

Akainuka, akashika fimbo, akatoka nje. Nilidhani anakwenda kaburini kwako. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kiti cha mbele cha gari, mlango wazi, fimbo kati ya magoti, ananisubiri.

Tulikwenda Kisumu Jumanne. Niliendesha polepole mpaka nje ya mji wa Kisii, na Mama alininyoshea shuka lake nifute jasho. Fundi wa wakala alinionyesha bomba lile la pili, lililofungwa baada ya ajali: lilikuwa limekwanguka tayari, limebaki jembamba kama ganda la yai. Amelitengeneza. Mwalimu wa Nyakoe nimempa gari pamoja na barua, akaisoma yote mbele yangu.

Nakuaga sasa. Wanaopita hapo ulipolala hukuambia upumzike kwa amani. Mimi neno hilo bado sijalisema, na leo siwezi. Nakuahidi nitakuja kulisema mwenyewe, siku nitakapoweza kulisema bila kukudanganya.

Binti yako,
Kerubo