Picha ya Aline kwenye Gwaride la Taa

Jumamosi, 5 Septemba 2009
Itangazwe kwa wakazi wote wa mtaa wetu wa Norsborg, wenye lifti nzima na wenye lifti mbovu: baada ya miaka miwili ya kuegemeza kamera juu ya mapipa ya taka, mimi Baba Aline nimenunua stendi ya miguu mitatu. Hafla fupi ilifanyika jikoni. Mama Aline hakupiga makofi. Aliuliza kama inaanikiwa nguo.

Usiku nikaipeleka kisiwani kule mjini, kwenye bustani ya mabembea. Fataki dakika kumi. Picha arobaini. Thelathini na tisa ni moshi, upepo ulinigeukia. Ya arobaini ni kisogo cha Mswidi mrefu.

Jumanne, 8 Septemba
Habari ya kweli sasa. Aline amepata nafasi kwenye gwaride la taa, lile linalopita bustanini kabla ya fataki. Atakuwa kipepeo, mabawa yamejaa balbu. Ni majaribio, Jumamosi mbili. Wakimpenda, ana kazi mpaka Krismasi. Binti wa miaka kumi na tisa, anakataliwa kazi tangu Mei, na ameanza kulala mpaka saa nane mchana. Leo ameimba akiosha vyombo. Sikuthubutu hata kukohoa.

Jumamosi, 12 Septemba
Jaribio la kwanza. Alicheza vizuri. Nasema kama baba, lakini hata msimamizi wa gwaride alimwinulia kidole gumba.

Picha zangu, aibu. Gizani lazima niache lenzi wazi sekunde mbili nzima, na kipepeo hatulii hata nusu. Kila picha ni mkia wa mwanga. Aline akaziangalia: "Baba, huyu ni mimi au ni treni?"

Nilicheka. Nimekereka. Bibi yake aliye Bujumbura ameomba picha moja tu, uso uonekane. Imebaki Jumamosi moja.

Jumatano, 16 Septemba
Situlii. Kazini, kwenye ufuaji wa nyumba ya wazee, nimetia soksi nyekundu kati ya shuka nyeupe. Wazee watalala kwenye waridi wiki nzima.

Jioni mazoezi sebuleni, taa zimezimwa, Mama Aline akipita na tochi. Mara sita. Ya saba akaniambia, "Mume wangu, mimi niliolewa, sikuajiriwa gwaride." Akaenda kulala.

Jumamosi, 19 Septemba
Gwaride limeharibika. Aline haongei. Nimemwambia mama yake kuna waya ulikatiza njia. Usingizi hakuna.

Jumapili, 20 Septemba
Aline hakuja kanisani. Baada ya ibada nikapiga picha ya kwaya ya watoto, kama kila Jumapili. "Simama hapo, nitazame!" Wakaganda wote, mikono ubavuni, hata wa miaka minne. Nilitaka ardhi inimeze.

Alhamisi, 24 Septemba
Wamempigia simu. Nafasi kapewa mwingine.

Niandike ilivyokuwa. Hapakuwa na waya. Aline alipofika mbele yangu nilipaza ile sauti ya kanisani: "Aline! Simama hapo, nitazame!" Ameisikia amri hiyo tangu hajaota meno. Mwili ukatii kabla ya akili. Akasimama katikati ya njia, mikono ubavuni. Nyuma yake gari la gwaride lenye umbo la konokono likawa linakuja. Nililiona. Sikumwambia kitu mpaka sekunde zangu mbili ziishe. Likamgonga, bawa likavunjika, wapiga ngoma wakaangukiana.

Picha ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wengine wote ni mikia ya mwanga. Yeye peke yake ana uso.

Leo mchana nilikwenda kumweleza msimamizi kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza kwa adabu. Haikubadilisha kitu. Jioni nikawaketisha Aline na mama yake, nikasema yote, hata habari ya konokono.

Aline akasema, "Najua, Baba. Nilikuwepo."

Siku tano zote alimwacha mama yake aamini ule waya. Sikumuuliza kwa nini.