Herufi Moja Iliyozidi

Jumanne, 3 Mei

Rekodi kumi na nane tu leo. Zingefika thelathini kama si umeme. Umekatika saa nne, ukarudi saa saba, ukakatika tena sijahifadhi. Nimetukana peke yangu chumbani. Tarishi kachungulia mlangoni kuuliza kama kuna mgeni.

Programu yenyewe ililetwa na wafadhili mwaka jana kwenye disketi mbili. Inaweka kumbukumbu za kila utafiti wa idara: nani anafanya nini, wapi, tangu lini. Ilikuja na maswali yao ya Kiingereza. Dokta, mkuu wetu wa idara, akaniambia niigeuze iwe yetu. Nifute visanduku vya majibu tusivyovihitaji, niongeze vyetu, vyote viwe vya Kiswahili ili hata msaidizi aliyeko shambani ajaze fomu mwenyewe. Nilikuwa mpiga chapa wa utawala. Nikahamishiwa utafiti kwa ajili ya mashine hii. Nilifurahi, nilijiona nimepanda.

Leo nimeongeza kisanduku cha MTEREMKO, kwa mashamba ya milimani. Herufi nane. Mashine haitaki jina la kisanduku lizidi herufi kumi, na hiyo ndiyo kero yangu ya kila siku. Kiswahili hakijui kufupisha.

Alhamisi, 5 Mei

Dokta kaitwa kikaoni, karudi uso umemshuka. Ni ile habari ya kupunguza wafanyakazi. Idara yetu itoe wanne. Kamati inataka majina ya wasaidizi wa utafiti wasio na kazi hata moja, na yatoke kwenye kompyuta, si kwenye midomo ya watu.

Nimeona ni haki. Nakiri. Mume wangu, Baba Rehema, alipopunguzwa kiwandani hakuna aliyemwambia kwa nini yeye na si jirani yake. Sasa anauza mitumba hapa Mwembesongo na hasira haijamtoka. Nikasema sisi angalau tutapimwa kwa kazi.

Nimechukua orodha ya majina ya mishahara nikailinganisha na rekodi za utafiti. Nusu saa tu. Wametoka wanne kamili. Dokta akacheka: wametakiwa wanne, wametoka wanne, mashine ina akili hii! Akatia sahihi, ikapelekwa. Hakuisoma mara mbili. Na mimi sikuisoma. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda kwangu.

Jumatatu, 9 Mei

Nakala ya orodha ilibaki mezani. Nimeisoma nikinywa chai. Jina la kwanza: Kondradi Pius Mkude. Kazi: sifuri.

Nimetua kikombe. Mzee Kondradi wa Mgeta! Ndiye anayetupimia mvua kule juu kila siku saa tatu asubuhi, tangu mimi sijaajiriwa. Kila mwisho wa mwezi anashuka na lori la mboga kuleta daftari lake. Hapa kuna watu wanaitwa madokta kwa mvua aliyoipima yeye. Sifuri ya wapi?

Nikaangalia vituo vya wale watatu waliobaki. Mgeta, Mgeta, Mgeta. Wa Ngerengere, kule bondeni, hayumo hata mmoja. Wa bondeni wote wana kazi zao, wa mlimani wote hawana.

Nimefungua rekodi nikatafuta Mkude. Hakuna. Nikatafuta Kondradi. Ziko ishirini na tisa. Zote zimeandikwa Kondradi Mwenda. Ni nani huyu Mwenda? Nimerudi nyumbani na maumivu ya kichwa.

Jumanne, 10 Mei

Nimejua. Ni mimi.

Fomu ya wafadhili ilikuwa na swali la jina la mwisho la mtu. Nilitaka kukiita kisanduku JINA_MWISHO. Nikahesabu: herufi kumi na moja, pamoja na kile kistari. Mashine ikakataa. Nikaandika JINA_UKOO, ikakubali, nikaendelea na mengine. Kwenye fomu ya karatasi nikapiga chapa vilevile: Jina la Ukoo. Mbona fomu za serikali ndivyo zinavyoandika.

Lakini kwa Waluguru, wenyeji wa Mgeta, ukoo ni wa mama. Mtu anaitwa Mkude kwa baba yake, na akiulizwa ukoo atataja wa mamaye, ndiko kwenye asili yake na ndiko kwenye shamba lake. Wa bondeni, waliotoka kila mkoa, wakajaza majina ya baba zao. Wa Mgeta wakajaza ukweli. Wote wanne. Kwa mashine, Mkude ni mtumishi asiye na kazi na Mwenda ana kazi ila si mtumishi.

Miaka yote hii naishi Morogoro. Nimehudhuria harusi zao na misiba yao. Nilijua kabisa habari ya ukoo wa mama. Nilivyokaa mbele ya mashine sikukumbuka. Nimejichukia leo.

Jumatano, 11 Mei

Nimemwambia Dokta. Hakupiga kelele, bora angepiga. Kasema orodha imeshafika kwenye kamati na imeandikwa kuwa kompyuta haina upendeleo. Nikirudi kusema imekosea, wataniuliza nani aliipangia visanduku. "Utakuwa umejichongea mwenyewe, mama," kasema.

Nikamwambia kompyuta haikukosea, nimekosea mimi. Akasema kamati haitachukua maneno matupu. Ithibitike kwamba Mwenda na Mkude ni mtu mmoja, kwa maandishi na sahihi, ifikapo Jumatatu. Kwa wote wanne.

Baba Rehema kasema ninyamaze. "Kwani hao wanne watakulisha?" Mshahara wa nyumba hii ni mmoja na najua ni wa nani. Naogopa, siandiki uongo hapa.

Jumamosi, 14 Mei

Nimepanda Mgeta na lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua kabichi. Mvua haijaisha huko. Mara mbili tumeshuka tukasukuma. Kutoka barabarani hadi kwa Mzee Kondradi ni kupanda kwa miguu. Viatu nimevishika mkononi, wanawake wenye mizigo ya karoti kichwani wananipita wanacheka. Wacheke tu.

Nimefika. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za mjini, za watoto. Nimekalishwa, nimepewa viazi. Nikaeleza yote, hata kwamba kosa ni langu. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mliuliza ukoo," akasema. "Nikaandika ukoo. Mngetaka jina la baba, mngeuliza baba."

Nikamwambia aniandikie kwamba Mwenda ndiye Mkude. Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa kupunguzwa, kwa hilo. Kasema yeye si watu wawili, hawezi kuandika karatasi ya kukiri kwamba alidanganya jina. Kasema bora aache kazi.

Aliyetuokoa ni Adelina, mmoja wa wale wanne, jirani yake, anayehesabu wadudu wa kabichi. Mama huyu hana maneno mengi. Kasema, "Baba, kwani padri hajakuandika?" Wakaitwa na wale wawili wengine, wakaenda wote kwa padri. Cheti cha ubatizo kina jina la baba na jina la mama, na padri akaandika chini kwamba mama huyo ni wa ukoo wa Mwenda. Hakuna aliyekiri kitu. Akawaandikia wote wanne, akagonga muhuri.

Nimelala kwa Adelina. Baridi ya huku haina mfano.

Jumatatu, 16 Mei

Nimempa Dokta vyeti na barua yangu. Nimeandika wazi: kosa ni la aliyepanga visanduku, yaani mimi. Dokta kaisoma, kafuta neno moja la kujidhalilisha, katia sahihi chini yangu. Sikutegemea. Nimemheshimu.

Halafu nikatengeneza mashine. Sikugusa majina yao. Nimeongeza kisanduku cha NAMBA_KAZI, ile namba ya mtumishi iliyoko kwenye hati ya mshahara. Mtu ajiite atakavyo, namba ndiyo itakayomtambulisha. Herufi kumi barabara. Nimeingiza namba za watumishi wote kwenye rekodi zote, mikono inaniuma.

Mchana nikiwa nakula ndipo nilipogundua kwamba ningetoa tu kile kistari. JINAMWISHO. Herufi kumi. Jamani! Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 20 Mei

Kamati imejibu. Vyeti vimekubaliwa. Wanne wa Mgeta wametolewa kwenye orodha. Mzee Kondradi, kazi ishirini na tisa, hakuna anayemkaribia hata kwa madokta. Nimepiga kigelegele ofisini, mfagizi kaja kuitikia bila kujua cha nini. Tumecheka mpaka machozi.

Saa nane Dokta kaniita. Kulikuwa na ukurasa wa pili. Idadi iko palepale, wanne. Kwa kuwa wasaidizi wote sasa wameonekana wana kazi, orodha itolewe upya kwa watumishi wote wa idara bila kujali kada. Wenye sifuri kwanza, kisha wenye kazi chache. Ije Jumatatu.

Kigelegele nilikipiga mapema.

Jumatatu, 23 Mei

Nimeitoa orodha mwenyewe. Majina manne yenye sifuri. Tarishi. Mtunza stoo. Mfagizi. Mimi.

Nimesoma mara mbili safari hii. Nimekagua namba. Hakuna kosa. Tarishi amebeba kila barua ya kila utafiti, lakini hakuna kisanduku cha aliyebeba barua. Hakuna cha aliyefungua stoo asubuhi wala cha aliyepangusa vumbi kwenye mashine. Rekodi zote nimeziingiza mimi na hakuna kisanduku cha aliyeingiza. Nimepanga visanduku arobaini na viwili kwa mkono wangu, sikujipa hata kimoja.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Kuandika namba yangu kwenye utafiti mmoja, wowote, ni kazi ya dakika moja. Nani angejua? Nilitamani sana. Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi. Lakini idadi iko palepale. Mimi nikitoka anaingia anayefuata, na anayefuata ni Adelina, mwenye kazi mbili tu. Sikuandika. Si kwamba mimi ni mwema, hasira nilikuwa nayo. Nimetoa wanne nikaingiza wanne, na mmoja wao ni tarishi anayeniletea maandazi.

Nimemwambia Dokta kwamba hii si haki, kazi zetu mashine haikuulizwa. Kasema anajua. Kasema aliwaambia hivyohivyo, wakamjibu visanduku vilipangwa na idara yenyewe.

Alhamisi, 26 Mei

Barua zimekuja. Mwisho wa kazi tarehe thelathini na moja. Tarishi ndiye aliyetugawia, pamoja na ya kwake.

Mfagizi amelia. Mtunza stoo ametukana, kisha ameniomba radhi ingawa hakunitukana mimi. Nimewaambia kwamba orodha niliitoa mimi na chanzo ni kosa langu la mwaka jana. Nilitaka walijue kwangu. Tarishi kasema, "Sasa ungefanyaje, mama?" Mfagizi kachukua ufagio, kaenda kufagia upande wa pili.

Nyumbani nilitegemea ugomvi. Baba Rehema ameisoma barua, akaikunja, akaniwekea maji ya kuoga. Hajasema "nilikwambia." Nimelia bafuni.

Jumanne, 31 Mei

Nimemwandikia Dokta maelezo ya visanduku vyote, kurasa sita. Ataletwa kijana kutoka Dar, hawajui lini.

Saa tisa kaja Mzee Kondradi. Amepima mvua asubuhi ndipo akapanda lori. Buti zina tope, daftari limefungwa kwenye nailoni. Barua ya kubaki kazini ameipata, ameiweka kwenye mfuko wa shati. Ya kwangu hajaisikia. Nilitaka ajue. Nilitaka hasa. Sikumwambia.

Nimemkalisha pembeni yangu, nikaingiza mvua ya Mei yote, siku kwa siku, yeye akinisomea. Siku zisizo na mvua alisema "hakuna" kwa sauti ileile ya siku zenye mvua. Tulipofika kwenye jina nikaandika Mwenda. Akaisogelea mashine akasoma herufi moja moja, akatikisa kichwa kukubali. Nikahifadhi.

Akasimama, akafunga daftari lake kwenye nailoni. Haya mwanangu, akasema, tuonane mwisho wa Juni.

Nikasema inshallah.