Kabila la Manase na Kihamba cha Baba

Malton, Kanada, Jumamosi, Februari 2015. Theluji tangu alfajiri, na mimi nina hasira.

Naanza na hasira kwa sababu ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Mume wangu, Baba Neema, amewapeleka watoto maktaba ili nipoe kidogo. Nje magari yanakwangua theluji barabarani, na ndege nyingi zimeahirishwa, kwa hiyo leo hata angani kwetu kumetulia. Nimepika chai ya tangawizi, imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Leo kikao cha ukoo kimekaa nyumbani Marangu kuamua habari ya kihamba cha marehemu baba. Kwa wasiotoka kwetu: kihamba ni shamba la migomba la ukoo, nyumba imo humo, ng'ombe wamo, na makaburi ya mababu yamo humo humo. Baba hakupata mtoto wa kiume. Alituzaa wawili tu, mimi Eliwaza, niliyeondoka miaka kumi na saba iliyopita, na mdogo wangu Aikande, aliyebaki. Mama alitangulia zamani. Baba alipopooza, Aikande ndiye aliyemgeuza kitandani miaka minne, akamlisha, akamwogesha, akamzika. Mimi nilituma dawa na kupiga simu kila Jumapili. Nasema ukweli wangu hapa, maana nikiuficha hapa nitausema wapi?

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ni mzee wa kanisa na ana sauti ya mzee wa kanisa. Kwake mila ni mila: kihamba hakiendi kwa mwanamke, kinakwenda kwa mwanawe Elibariki. Na Aikande je? "Atatafutiwa chumba," alisema siku ya arobaini. Chumba! Mtu wa miaka thelathini na sita, aliyepanda nusu ya migomba ile kwa mikono yake, atafutiwe chumba kama mpangaji.

Thubutu.

Sasa niseme habari ya Manase, maana bila yeye leo ningekuwa nalia tu badala ya kulia na kugombana.

Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, ile tunayopangishiwa ukumbi Jumapili mchana wenye kanisa wakishamaliza ya kwao, akina mama tuna darasa la Maandiko. Mwezi uliopita mama mchungaji aliandika makabila kumi na mawili ya Israeli kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia ya sufu, kila mmoja akaokota lake akalisome, kisha aje atufundishe. Niliomba moyoni nipate Yuda, au hata Lawi. Nikaokota Manase. Nilinuna. Manase nani anamjua?

Nikamsoma kwenye basi, nikamsoma wakati wa mapumziko kule ghalani ninakopanga mizigo ya ndege, fulana ya kung'aa mwilini na sandwichi mkononi. Kumbe Manase ni mtoto wa ughaibuni! Amezaliwa Misri. Mama yake Mmisri, tena binti wa kuhani wa miungu ya huko. Baba yake Yusufu alimpa jina linalohusu kusahau, kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Simlaumu, mtu aliyeuzwa na ndugu zake ana haki ya kusahau. Halafu babu yake Yakobo akaja huko Misri, mzee, macho hayaoni vizuri, akawaita Manase na mdogo wake Efraimu, akatamka kwamba hawa wawili waliozaliwa ugenini ni wake sawasawa na wale aliowazaa mwenyewe. Hakuuliza mama yao ni kabila gani. Mkono wa kuume aliuweka juu ya kichwa cha mdogo, lakini hayo ni mengine. Hivyo ndivyo mtoto wa mama Mmisri alivyogeuka kabila zima la Israeli.

Nililia kwenye basi. Baba wa wanangu ni Mkongo wa Lubumbashi, na Baba mdogo huwaita wanangu "Wakongo wa Kanada". Anacheka akisema, lakini anasema.

Kisha kabila lenyewe likagawanyika. Walipofika Yordani, nusu yao walipewa malisho ya mashariki wakabaki huko, nusu wakavuka na wenzao. Kabila moja, kingo mbili za mto. Wale wa mashariki na majirani zao wakajenga madhabahu kubwa kando ya mto, na ndugu zao wa ng'ambo ya pili nusura waje na silaha wakidhani wameasi. Kumbe hawa waliogopa jambo moja tu, kwamba iko siku watoto wao wataambiwa na watoto wa kule: ninyi hamna sehemu kwetu. Madhabahu haikuwa ya kuchinjia, ilikuwa shahidi. Sijui aliyeandika hayo alikuwa nani, lakini huyo alijua maisha ya watu wa mbali. Baadaye Waashuri walipokuja kuteka watu, hao hao wa mashariki wakawa miongoni mwa waliochukuliwa mwanzo.

Lakini kilichonitia nguvu ni mabinti watano. Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirza. Baba yao Selofehadi, mtu wa Manase, alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Wale mabinti wakaenda mlangoni pa hema, mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakauliza: kwa nini jina la baba yetu lipotee kwa sababu hakupata mwana? Musa mwenyewe hakuwa na jibu, akalipeleka kwa Mungu. Mungu akasema mabinti wako sawa, wapewe.

Nilisoma mahali hapo mara nne. Nikasema, Baba mdogo, safari hii umepatikana.

Asubuhi saa mbili yetu, saa kumi jioni yao, binamu mmoja akanipigia na kuiweka simu katikati ya meza. Nilisikia vikombe vya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikasikia kikohozi, kuku. Baba mdogo alianza: "Eliwaza mwanangu, wewe umevuka maji. Una sehemu gani tena huku?" Nikacheka kwa sauti, maana ni maneno yale yale waliyoyaogopa watu wa Manase. Nikawaeleza habari ya mabinti watano, jina kwa jina, bila kigugumizi. Mwenyekiti wa kikao, mzee kuliko wote, akasema, "Binti amesoma."

Baba mdogo hakukasirika. Akaguna, akafunua Maandiko yake (nilisikia kurasa), akawasomea mahali pengine, mbele zaidi, nilipokuwa sijafika. Wakuu wa Manase walimrudia Musa wakalalamika: hawa wakiolewa na kabila lingine, ardhi yetu itawafuata huko. Ikaamuliwa mabinti waolewe na watu wa kabila la baba yao tu.

"Na wewe," akasema taratibu, "umeolewa na Mkongo. Umejitoa mwenyewe."

Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Nikajibu papo hapo, na nilijiona Sulemani. "Sawa, Baba mdogo. Mimi najitoa. Kwa andiko hilo hilo lako, mpeni ambaye hajaolewa nje. Mpeni Aikande."

Wakapiga makofi! Mwenyekiti akasema neno limenyooka. Katibu akaandika: kihamba ni cha Aikande, ilimradi asiolewe nje ya ukoo. Baba mdogo hakupinga hata kidogo. Nilicheza jikoni mbele ya Baba Neema, nikamkumbatia, nikaunguza maandazi.

Nusu saa baadaye Aikande akapiga. Mdogo wangu si mtu wa makelele. Hata leo hakupiga kelele.

"Dada, nani alikutuma?"

"Nimekutetea! Kihamba ni chako!"

"Umenifunga, dada."

Kuna mwalimu, mgane, Mpare wa Mwanga. Alikuwa aje na watu wake baada ya Pasaka kuleta posa. Mimi sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Na hata kama angekuwa Mchaga kama sisi ingekuwa yale yale, maana kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake. Ni mwiko, wale ni kaka na dada. Kwa hiyo maneno "asiolewe nje ya ukoo" yana maana moja tu, kwamba asiolewe kabisa. Akiolewa, kihamba kinarudi kwa Elibariki. Baba mdogo alilijua hilo tangu alipofunua kurasa. Ndiyo maana alikuwa mpole.

Halafu Aikande akaniambia jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma mpaka sasa. Wakati wote wa kikao yeye alikuwa jikoni. Ndiye aliyewapikia. Alipita na sinia la nyama, akasikia sauti yangu kwenye simu ikimgawa.

Mimi nilifanya walichofanya wao. Niliamua maisha ya mtu mzima bila kumwita akae.

Nilikaa chini sakafuni. Baba Neema akaja, akauliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Mama, unalia juu ya nini?" Nikamwambia. Akafikiri, kisha akasema, "Na wale mabinti wa Biblia, wenyewe waliolewa na nani?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimemaliza kusoma. Nimegombana na watu kwa Maandiko asubuhi nzima, na sikumaliza ukurasa.

Nikamaliza. Waliolewa na wana wa ndugu za baba yao. Wote watano. Binamu zao wenyewe, watoto wa baba zao wadogo na wakubwa!

Nikafuta machozi, nikashika simu, nikabonyeza kwenye kundi la ukoo, watu arobaini na ushee kutoka Marangu mpaka Minneapolis, nikarekodi sauti. Naandika hapa nilivyosema ili nisije nikajipamba baadaye.

"Shikamoo Baba mdogo, shikamooni wazee wangu wote. Baba mdogo, asubuhi ulitusomea vizuri lakini uliishia njiani, na mimi nilishindwa kukumalizia. Mabinti wale waliolewa na wana wa ndugu za baba yao. Ndugu wa baba yetu ni wewe. Mwana wako ni Elibariki. Basi kama ni kufuata andiko, tulifuate mpaka mwisho: unamwoza Aikande kwa Elibariki? Mbele ya kanisa? Mbele ya mkewe Elibariki? Kama jibu ni hapana, kwa sababu kwetu huo ni mwiko, basi hilo sharti halikuwa letu, na aliyelileta alijua haliwezekani. Lifutwe. La pili, nayarudisha maneno yangu ya asubuhi. Sijitoi. Nimeolewa na Mkongo kwa hiari yangu na bado ni binti wa kwanza wa baba yangu. Mimi na Aikande tuna baba mmoja na kihamba kimoja, Aikande akae humo, aolewe na amtakaye. La tatu ni lako, Aikande. Nisamehe. Nilikosa kukuuliza."

Nilituma kabla moyo haujarudi nyuma.

Niliona alama kwamba wameisikia, mmoja baada ya mwingine. Kwanza akajibu shangazi wa Arusha, dada yao baba na Baba mdogo: "Nimesikia, nimecheka, naunga mkono. Mdogo wangu, mjibu mtoto." Binamu wawili wakaweka vikaragosi vya kucheka wakavifuta upesi. Elibariki mwenyewe, maskini, akaandika, "Mimi msinitaje tena kwenye habari hizi," na mkewe akaandika chini yake, "Naam."

Baba mdogo aliandika mstari mmoja: "Ughaibuni kumekutoa adabu." Mwenyekiti akamjibu yeye, si mimi, kwamba daftari la kikao halijafungwa na wazee watakaa tena wiki ya Pasaka.

Adabu ninayo. Nimeshikamoa kabla ya kusema na nitashikamoa tena. Lakini kunyamaza si adabu, na nimechoka kufundishwa kwamba ni kitu kimoja.

Aikande aliandika baada ya wote, kwangu peke yangu. "Sasa nimekusikia. Pasaka nitakaa kwenye kiti, nyama watajipakulia. Na safari nyingine uniulize kwanza." Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma habari za wale mabinti.

Sijashinda. Nalijua hilo. Baba mdogo ana wiki nyingi za kuzunguka nyumba kwa nyumba kabla ya Pasaka, na mimi nina simu inayokatika. Ndiyo maana safari hii sitakaa kwenye simu juu ya meza. Nimeshamwandikia msimamizi wangu kuomba likizo. Akininyima, nitaomba tena Jumatatu nikiwa nimesimama mbele yake. Tunakwenda wote, mimi, Baba Neema, na watoto wetu watatu.

Kama kuna mtu wa kuwaambia wanangu kwamba hawana sehemu pale, awaambie wenyewe, kando ya kaburi la babu yao. Watamwelewa kila neno. Watamjibu kwa Kiingereza, na mtafsiri nitakuwa mimi.