Masikio Yako Yalikuwa Mazima

Kaka Magesa,

Nilikukosea. Ile rekodi ya kwaya iliyokwaruza, niliyeiharibu ni mimi.

Ulikuwaga unanikanya: "Kiboksi cha sauti, hiki kinachoingiza maiki kwenye kompyuta, kipewe tundu lake. Kisigawane na kitu." Nikakucheka, nikasema unakitunza kama mchumba.

Siku ile wanakwaya walishuka boti kutoka Rukuba, wakafika Bunda simu zimezima. Wewe ulikuwa umeenda Manyamanyama kuazima maiki. Wakaniomba chaji. Nikachomeka ekstensheni ya USB kwenye tundu la kiboksi, nyuma ya meza, simu tatu zikaingia, na kiboksi nikakihamishia humo humo. Umeme ukawa haukitoshi, sauti ikawa inafika kwenye kompyuta imekatikakatika. Uliporudi tukarekodi, wewe ungejuaje? Hedifoni ulichomeka kwenye kiboksi chenyewe, huko sauti ilikuwa bado safi.

Walipoondoka ndipo nikasikiliza. Nikajua hapo hapo. Nikaichomoa ekstensheni, nikaificha.

Mwenyekiti wa kwaya akaja juu. Akasema mbele ya watu, "Huyu masikio yamekufa, tunamng'ang'ania wa nini?" Ukanigeukia mimi, kaka. Nikawa nakunja waya.

Kazi wakanipa mimi. Ukafa hujarudishwa.

Sasa niko kwenye chumba kile kile cha Nyasura, magodoro yale yale ukutani. Nikifunga mlango ili turekodi, naona kama nimefungiwa mimi. Wanakwaya wananisifia: "Wewe hutuangushagi kama yule mzee." Natabasamu. Nifanyeje? Nikikataa wataniuliza kwa nini.

Juzi shemeji alikuja kutoka Butiama. Alitaka rekodi yako ya mwisho ipigwe siku ya kumbukumbu yako, mwenyekiti akamkatalia, eti usiaibike mara ya pili. Akakaa kwenye kiti chako. Akaniuliza, "Shemeji, ni kweli alikuwa hasikii, akanificha mimi mke wake?"

Nikamjibu sijui.

Kaka, nilimjibu hivyo. Akaaga, na mimi nikabaki humo ndani mpaka mteja akagonga.

Pumzika kaka yangu. Sikuombi unisamehe kwa barua. Jumapili hii ibada ikiisha, kabla kwaya haijavua majoho, nitasimama nimwambie mwenyekiti na watu wote nilichofanya. Wakininyima kazi, wako sawa. Ila Jumamosi asubuhi nakwenda kwanza Butiama kwa shemeji. Yeye asisikie kanisani pamoja na watu.

Mdogo wako,
Mafuru